Kipindi cha 11: Ubongo wa Mtoto Wako na Haki Yake

  

Leo hatutazungumza juu ya chanjo wala uji wa mtoto. Tutazungumza juu ya ubongo. Na tutauzungumzia kwa njia ya historia, kwa sababu hapa Kenya waliwahi kuwepo madaktari waliopima ubongo wa Mwafrika, na vipimo vyao vikatumiwa kusema nani anafaa kusoma, nani ni mhalifu, na nani hawezi kujitawala.

Pengine utauliza: mimi niko Bulla Pesa, au Merti, au Garbatulla, au Oldonyiro, mambo hayo ya zamani yananihusu nini? Yanakuhusu, mama. Siku moja mtu anaweza kukuambia kwamba kichwa cha mtoto wako "hakifai". Anaweza kuwa jirani, au mwalimu, au askari, au mtafiti aliyekuja na gari na karatasi ya kutia sahihi. Siku hiyo utahitaji kujua sayansi inaweza kusema nini na haiwezi kusema nini. Utahitaji pia kujua sheria inakupa nini mkononi.

UBONGO NI NINI, AKILI NI NINI?

Ubongo ni kiungo cha mwili, kama vile moyo na ini. Ubongo wa mtu mzima huwa na uzito wa kilo moja na robo hadi kilo moja na nusu hivi. Ndio unaoongoza kutembea, kusema, kukumbuka, kuogopa na kupenda. Ukiumia, mambo haya huathirika. Mtoto aliyechelewa kulia wakati wa kuzaliwa, au aliyeugua malaria kali iliyopanda kichwani, au homa ya uti wa mgongo, anaweza kubaki na madhara katika ubongo.

Akili ni jambo pana zaidi. Akili hujengwa na ubongo, ndiyo, lakini pia na chakula, maneno anayosikia mtoto, michezo, upendo, shule na desturi za nyumbani. Mtoto wa mfugaji wa miaka minane anaweza kuwatambua mbuzi wa boma lao mmoja mmoja, na mtoto wa mjini asiweze. Mtoto wa mjini anaweza kusoma kibao cha duka, na yule wa malishoni asiweze bado. Nani ana akili zaidi? Wahenga walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake.

Makosa tutakayoyasimulia leo yalianzia hapo. Watu walichukua ubongo, wakauweka kwenye mizani, wakadhani wamepima akili.

MATHARI NA MADAKTARI WA MIZANI

Mwaka 1910 serikali ya kikoloni ilifungua nyumba ya kuwaweka wagonjwa wa akili jijini Nairobi. Baadaye ikaitwa Hospitali ya Mathari. Hadi leo watu hufanya mzaha, "Wewe utapelekwa Mathari." Miaka ile ya kwanza ilikuwa zaidi mahali pa kufungia watu kuliko mahali pa kutibu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1930, daktari aliyehusika na Mathari alikuwa Mwingereza aitwaye H. L. Gordon. Huyu hakutosheka na wagonjwa wake. Alianza kupima vichwa na akili za Waafrika wengine, wakiwemo vijana waliozuiliwa katika kituo cha kurekebishia tabia huko Kabete. Alifikia uamuzi kwamba wengi wao ni punguani kwa kuzaliwa. Alidai pia kwamba elimu ya kizungu inaweza kuuvuruga ubongo wa Mwafrika na kumtia wazimu. Hebu fikiria maana yake, mama. Wakati huo wazazi wa Kiafrika walikuwa wakiomba shule kwa ajili ya watoto wao. Naye daktari anasema kwa jina la sayansi kwamba shule ni hatari kwao.

Wakati huohuo, katika maabara ya serikali Nairobi, alikuwepo daktari F. W. Vint. Yeye alichunguza ubongo wenyewe, wa maiti. Mwaka 1934 alichapisha katika jarida la kitaalamu la Uingereza matokeo ya bongo 100 za wanaume Waafrika. Alisema uzito wake kwa wastani ni gramu 1,276, wakati wa Wazungu ni gramu 1,428. Alipima pia unene wa tabaka la juu la ubongo na chembe zake, akasema navyo vina upungufu. Kutokana na vipimo hivyo ikasemwa kwamba ubongo wa Mwafrika mtu mzima umefika pale ulipofika ubongo wa mvulana wa Kizungu wa miaka saba au minane.

Mwaka 1933 walowezi na madaktari walikuwa wameanzisha Nairobi chama cha kuchunguza "uboreshaji" wa vizazi vya watu. Waliiomba serikali ya Uingereza fedha za utafiti mkubwa zaidi juu ya ubongo wa Mwafrika. Fedha hizo hawakupewa. Lakini maneno yalikuwa yamekwisha kutoka, na maneno yaliyovaa koti jeupe la daktari hayafutiki upesi.

MIZANI ILIKOSEA WAPI?

Uzito wa ubongo hutegemea mambo mengi: ukubwa wa mwili, umri wa aliyekufa, ugonjwa uliomwua, lishe yake tangu tumboni mwa mama, hata jinsi ubongo ulivyohifadhiwa kabla ya kupimwa. Wanawake kwa wastani wana ubongo mwepesi kuliko wanaume kwa sababu miili yao ni midogo. Je, ndiyo kusema mama ana akili kidogo kuliko baba? La hasha.

Mfano mmoja unatosha. Albert Einstein, mtaalamu wa fizikia ambaye dunia nzima inamtaja kama mfano wa mtu mwenye akili nyingi, alifariki mwezi wa Aprili mwaka 1955 huko Princeton, Marekani. Ubongo wake ulipopimwa ulikuwa na uzito wa gramu 1,230. Tazama tena hesabu ya Vint: wastani wa Waafrika wale 100 ulikuwa gramu 1,276. Kwa mizani ile ile iliyotumika kutudharau, Einstein angewekwa chini yetu.

Hadithi ya Einstein ina somo jingine pia. Daktari aliyepasua maiti, Thomas Harvey, aliuchukua ubongo huo bila kupewa ruhusa kwanza na familia. Mwanawe Einstein alikubali baadaye, jambo likiwa limekwisha kufanyika. Kama mtu mashuhuri namna ile aliweza kutolewa ubongo kabla jamaa zake hawajaulizwa, sembuse mtu aliyekufa katika hospitali ya wenyeji wakati wa ukoloni. Ndiyo maana suala la ruhusa si jambo dogo. Tutalirudia.

MANENO YA DAKTARI YALIPOFIKA SERIKALINI

Mwaka 1938 uongozi wa Mathari ulikabidhiwa daktari J. C. Carothers, akaushika hadi mwaka 1950. Alipoanza kazi hiyo hakuwa na mafunzo maalumu ya magonjwa ya akili. Mwaka 1951 aliandika makala juu ya sehemu ya mbele ya ubongo, ile iliyo nyuma ya paji la uso, inayotusaidia kupanga mambo, kujizuia na kufikiria kesho.

Siku hizo kulikuwa na upasuaji uliosifiwa sana Ulaya na Marekani. Madaktari walikata mishipa inayounganisha sehemu hiyo ya mbele na ubongo mwingine, wakitumaini kumtuliza mgonjwa wa akili. Mreno aliyeuanzisha mwaka 1935, Egas Moniz, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1949. Baadaye ilionekana wazi kuwa wengi waliokatwa walibaki bila ari, bila hisia, kama watu waliozimwa. Carothers aliandika kwamba Mwafrika mzima wa afya anafanana na Mzungu aliyekatwa hivyo. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake juu ya akili ya Mwafrika, na kazi ya Vint ni mojawapo ya alizozitaja humo.

Wakati huo Kenya ilikuwa katika hali ya hatari, iliyotangazwa mwezi wa Oktoba 1952 kwa sababu ya vita vya Mau Mau. Serikali ya kikoloni ilimwita Carothers atoe maoni. Mwaka 1954 ripoti yake ilichapishwa Nairobi. Badala ya kuweka mbele ardhi iliyochukuliwa, ripoti ilitafuta chanzo cha vita katika akili ya Mkikuyu, kwamba imevurugwa na mabadiliko na kufungwa na kiapo. Ripoti pia iliunga mkono mpango wa kuwahamishia watu katika vijiji vya lazima.

Hatusemi kwamba ripoti moja ndiyo iliyojenga vijiji hivyo. Serikali ilikuwa na sababu zake za kivita. Lakini ripoti iliipa serikali kauli ya kitaalamu: hatuwaadhibu, tunawatibu. Zaidi ya watu milioni moja wa sehemu za Wakikuyu, Waembu na Wameru walihamishiwa humo. Akina mama walichimba mahandaki kwa kazi ya kulazimishwa, na watoto walikaa na njaa. Walio na jamaa upande wa Meru wamesikia habari hizo kwa wazee wao.

NA SISI WA ISIOLO?

Huku kaskazini hatukuandikiwa kitabu cha ubongo. Tuliandikiwa sheria. Mwaka ule ule wa 1934, Vint alipochapisha matokeo yake, serikali ilipitisha sheria ya usimamizi wa wilaya maalumu. Isiolo ilikuwa makao ya utawala wa Mpaka wa Kaskazini. Sheria hiyo ilimpa mkuu wa mkoa uwezo wa kulitangaza kabila zima kuwa "adui", kisha watu wake wakakamatwa na mifugo yao ikachukuliwa. Sheria nyingine ya mwaka 1902 ilikuwa imekwisha kulifunga eneo hili, mtu asiingie bila kibali. Sheria hizo mbili zilifutwa mwaka 1997, miaka 34 baada ya uhuru.

Ubongo wa Nairobi na sheria ya Isiolo vinakutana hapa: kote kuwili, mtu mmoja mmoja alipotea. Hakuna aliyeuliza, "Huyu kijana amefanya nini? Huyu mtoto anaweza nini?" Liliulizwa swali moja tu: "Ni wa watu gani?" Jibu lilipopatikana, hukumu ilikuwa tayari.

Wakati wa uhuru, mwaka 1963, mkuu wa wilaya ya Isiolo alikuwa Daudi Dabasso Wabera, mwana wa kaskazini, ambaye aliuawa akiwa kazini mwaka huohuo. Wadi ya Wabera mjini kwetu ina jina lake. Alikuwa mtu wa kizazi kile ambacho wataalamu walisema hakiwezi kutawala.

WALIOSIMAMA NA KUPINGA

Wapo waliojibu. Daktari Thomas Adeoye Lambo wa Nigeria, aliyesomea magonjwa ya akili Uingereza, alianza mwaka 1954 kuwatibu wagonjwa wa Aro, Abeokuta, wakiishi na jamaa zao katika vijiji vya jirani badala ya kufungiwa. Aliandika kupinga nadharia za akina Carothers. Naye Frantz Fanon, daktari wa akili aliyefanya kazi Algeria, alimtaja Carothers waziwazi katika kitabu chake cha mwaka 1961. Alionyesha kuwa daktari anaweza kuigeuza dhuluma ikaitwa ugonjwa wa aliyedhulumiwa.

Ulimwenguni pia kulikuwa na mwamko. Baada ya vita vikuu vya pili, mahakama ya Nuremberg iliwahukumu mwaka 1947 madaktari wa Ujerumani waliowafanyia wafungwa majaribio ya kikatili. Hukumu hiyo iliweka kanuni ambayo inatulinda hadi leo: hakuna kumfanyia mtu utafiti bila yeye kukubali kwa hiari, akiwa ameelewa.

SAYANSI ILE ILE, MATUMIZI MENGINE

Usije ukatoka hapa ukasema, "Basi sayansi ya ubongo ni mbaya, sitampeleka mtoto hospitali." Hapana, mama. Elimu hiyo inaokoa watoto.

Chukua kifafa. Zamani kilihesabiwa kuwa laana, jini au aibu ya ukoo. Hata sheria ilikosea. Sheria ya zamani ya ndoa za mke mmoja, tuliyorithi kwa Waingereza, ilikitaja kifafa pamoja na wazimu kuwa sababu ya mahakama kubatilisha ndoa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 haikitaji tena. Sasa tunajua kifafa ni hitilafu ya umeme wa ubongo, na hakiambukizi kwa mate wala povu. Shirika la Afya Duniani linasema hadi watu 70 kati ya 100 wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakipata dawa na kuzimeza vizuri. Mtoto akianguka, mlaze kwa ubavu, ondoa vitu vinavyoweza kumwumiza, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, na hesabu muda. Ikipita dakika tano, au akirudia kuanguka kabla hajapata fahamu, mkimbize hospitali. Na usimkatize dawa kwa sababu ameonekana amepona.

Chukua pia vipimo vya ukuaji wa mtoto. Huko Kilifi, watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, KEMRI, pamoja na wenzao, wamechunguza tangu mwaka 1989 jinsi malaria kali na kifafa vinavyoathiri watoto. Waliona kuwa vipimo vya Ulaya haviwafai watoto wetu. Ukimwonyesha mtoto picha ya kitu ambacho hajawahi kukiona, akishindwa kukitaja, umepima nini? Wakatengeneza kipimo cha ukuaji kinachotumia vitu vinavyopatikana na kueleweka hapa, kikachapishwa mwaka 2008. Pima tofauti hiyo na mizani ya Gordon. Gordon alitafuta upungufu wa watu. Hawa walitafuta mtoto gani anahitaji msaada.

Na ile sehemu ya mbele ya ubongo, aliyoitumia Carothers kutudharau? Wataalamu wamejifunza kwa mashine za picha kwamba ndiyo inayokomaa mwisho kwa watoto wa mataifa yote, na huendelea kukomaa hadi baada ya miaka 20. Ndiyo maana kijana wa miaka 13 anaweza kujua kosa na bado ashindwe kujizuia wenzake wanapomchochea. Mwaka 2005 Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani ilipiga marufuku hukumu ya kifo kwa aliyetenda kosa kabla ya kufikisha miaka 18, na habari za ubongo wa vijana zilikuwa miongoni mwa hoja zilizowasilishwa mbele yake.

Hapa kwetu, zamani mtoto wa miaka minane aliweza kushtakiwa kwa uhalifu. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 imepandisha umri huo hadi miaka 12. Aliye chini ya miaka 14 huchukuliwa kuwa hawezi kupambanua mema na mabaya, mpaka mahakama ithibitishiwe vinginevyo. Kwa hiyo mtoto wako wa miaka kumi akikamatwa sokoni, sema wazi umri wake na peleka cheti cha kuzaliwa. Karatasi hiyo ni kinga yake.

SHERIA INASEMA NINI LEO?

Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 54, inasema mtu mwenye ulemavu atendewe kwa heshima na aitwe kwa jina lisilomdhalilisha. Ulemavu wa akili umo. Kifungu cha 29 kinakataza kumtendea mtu yeyote kwa ukatili. Kumfunga mgonjwa kamba kwenye mti au kumfungia ndani kwa minyororo si tiba. Tunajua wengi hufanya hivyo kwa kuchoka na kwa hofu, mgonjwa asipotee porini. Lakini njia ya salama ni kumwona mhudumu wa afya ya jamii, zahanati, kisha hospitali ya rufaa ya kaunti.

Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inataka mgonjwa au mlezi aelezwe ugonjwa, matibabu, hatari na gharama, inapowezekana kwa lugha anayoielewa. Hapa Isiolo jambo hili ni kubwa. Kama unaelewa Kiborana, Kisomali, Kiturkana, Kisamburu au Kimeru kuliko Kiswahili, omba mtu wa kukufasiria. Inataka pia ruhusa yako kabla ya matibabu, isipokuwa pale ambapo kuchelewa kunaweza kumwua mtoto au kumletea madhara ya kudumu.

Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 1989 ilirekebishwa mwaka 2022. Sasa kaunti zina wajibu wa kutoa huduma ya afya ya akili, na mgonjwa ana haki ya kukubali tiba, kushiriki kuipanga na kutunziwa siri.

Kuhusu waliovunja sheria wakiwa wagonjwa wa akili, sheria yetu ya zamani ilisema wazuiliwe kwa muda atakaopenda Rais, bila kuhesabiwa miaka. Wengine walisahaulika ndani. Kuanzia mwaka 2016 majaji kadhaa wa Mahakama Kuu wametamka kuwa jambo hilo linakiuka Katiba. Na tarehe 9 Januari 2025, Mahakama Kuu Nairobi ilitamka kuwa kifungu kinachomshtaki mtu aliyejaribu kujiua kinapingana na Katiba. Mtu huyo anahitaji daktari kabla ya yote. Mwanao akisema amechoka kuishi, usimfiche kwa hofu ya polisi. Kaa naye, usimwache peke yake, na mtafutie msaada siku hiyo hiyo.

MASHINE ZINAZOSOMA UBONGO

Leo kuna mashine zinazopiga picha ya ubongo na nyingine zinazopima mawimbi yake ya umeme. Kwa daktari ni msaada mkubwa. Lakini zikitoka hospitali zikaingia mahakamani, sokoni au shuleni, maswali huanza upya.

Mwaka 2008 mahakama moja ya Pune, India, ilimtia mwanamke hatiani kwa mauaji, ushahidi mmojawapo ukiwa kipimo cha mawimbi ya ubongo kilichodaiwa kuonyesha kuwa anakumbuka tendo hilo. Mwezi wa Mei 2010 Mahakama Kuu Kabisa ya India ikasema mtu asilazimishwe kupimwa hivyo, kwani ni kama kumlazimisha atoe ushahidi dhidi yake mwenyewe. Nchini Chile, Katiba ilirekebishwa mwaka 2021 ili kulinda ubongo wa mtu na habari zinazotokana nao. Mwaka 2023 mahakama ya juu ya huko iliiamuru kampuni moja ifute habari za ubongo wa aliyekuwa seneta, zilizokusanywa na kifaa cha kuvaa kichwani.

Kenya haina sheria ya ubongo peke yake. Tunayo haki ya siri katika kifungu cha 31 cha Katiba na haki ya kutojitia hatiani katika kifungu cha 50. Tunayo pia Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, ambayo inahesabu habari za afya kuwa nyeti na inataka ruhusa ya mzazi au mlezi kwa habari za mtoto. Mtafiti naye lazima awe na kibali cha Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2013.

MASWALI YA KUULIZA

Ukiambiwa mtoto wako apimwe kichwa, akili au ubongo, uliza haya bila haya:

1. Wewe ni nani, umetumwa na nani, na kibali chako kiko wapi?
2. Kipimo hiki ni cha kumtibu mtoto wangu, au ni cha utafiti?
3. Kina maumivu au hatari gani?
4. Nikikataa utafiti, mtoto ataendelea kutibiwa kama kawaida? (Jibu sahihi ni ndiyo.)
5. Majibu yatawekwa wapi, na nani atayaona?
6. Kipimo hiki kiliwahi kujaribiwa kwa watoto wanaoishi kama wetu?
7. Majibu yakitoka, mtoto atasaidiwaje?

Mtaalamu mwema hatakasirika. Atakaa chini akujibu. Kuuliza si ujinga, na hapa kuuliza ni ulezi.

MAMBO YA KUKUMBUKA

• Uzito wa ubongo si kipimo cha akili wala cha utu.
• Kipimo kizuri humtazama mtoto mmoja na kumtafutia msaada. Kipimo kibaya hutazama kabila au rangi na kutoa hukumu.
• Kifafa na ugonjwa wa akili vina tiba. Nenda hospitali mapema.
• Usitie sahihi wala kidole gumba kwenye karatasi usiyoielewa.
• Usimwite mtoto "punguani" wala "kichaa". Katiba inakataza, na mtoto husikia.

MASWALI YA KIKUNDI

Katika kikundi chenu cha akina mama, jadilianeni: Je, mtaani kwetu yupo mtoto aliyefichwa ndani kwa sababu ya kifafa au ulemavu wa akili? Nani kati yetu atamtembelea mama yake wiki hii? Ni maneno gani katika lugha zetu yanayomdhalilisha mtoto huyo, na tuseme nini badala yake?

Tukutane katika kipindi kijacho, tutakapozungumza juu ya usingizi na michezo ya mtoto mchanga. Mbaki salama.